Remorke ya farasi, niliijaribu miye mwenyewe

Musinicheke sana. Patron wetu wa Burungu alinunua farasi, ikabakia Sake. Akanituma miye, karani wake, na dereva kuitafutia remorke ya nguvu, ile sanduku ya magurudumu ya kukokotwa na gari, bei ya chini. "Ikivunjika njiani, kazi yako imekwisha."

Kule Sake nikapata moja ya mbao ya Walikale, nikalipa. Dereva akaifunga nyuma ya kamio, lori yetu, akaenda kula. Woga ikanishika: na kama mbao iko mubovu? Sikungoja farasi. Niliingia mwenyewe, nikapiga mateke kila upande. Mulango ikajifunga, na inafunguliwa inje tu! Nikazidi kupiga.

Dereva akarudi. "Ah, farasi imekwisha kuingia! Tulia, nyama weye! Karani iko wapi? Bon, atakuja na miguu."

Nililalamika njia yote, kamio ikanishinda kelele.

Kule Burungu, patron alikuwa anangoja na wageni. Mama wa jikoni akafungua, majani mu mukono.

"Patron, farasi yako iko na kravati ku shingo!"