Mtoto Wangu Alikula Figo Mbele ya Ukoo

Admin, nifichie jina langu kabisa, maana ukoo wa mume wangu wote upo kwenye ukurasa huu na wifi yangu ndiye huwa wa kwanza kukomenti.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Mnyakyusa niliyekulia Mbalizi, Mbeya, nimeolewa Iringa na fundi seremala Mhehe. Nachukua nyanya Ilula nauza mjini. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa na sikujaliwa kuzaa. Tunaishi kota, zile nyumba za halmashauri, vyumba viwili na jiko la nje. Kodi tunalipa kama wapangaji wengine, ila watu wakisikia kota wanakuona umeshindwa maisha na unalelewa na serikali. Hilo nimelizoea.

Miaka miwili iliyopita tulimchukua binti kutoka kituo cha watoto, wanaita malezi ya kambo. Alikuwa na miaka minne. Nitamwita Subira, si jina lake. Afisa ustawi alikuja akakagua mpaka chandarua, akasema nyumba inatosha, kikubwa amani. Siku Subira aliponiita mama kwa mara ya kwanza nilikuwa nachambua nyanya. Nililia, nikasingizia vitunguu, na vitunguu siku hiyo sikuwa navyo.

Wifi yangu hakumpenda tangu siku ya kwanza. Alikaa kwenye kochi langu akaangalia ukuta, akamwangalia mtoto, akasema, "Nyumba ya serikali, mtoto wa serikali. Sasa we Mbeya, chenu humu ndani ni kipi?"

Nikamjibu, "Mdomo huu ni wangu, wifi."

Basi mdomo huohuo ndio ulioniponza.

Mwaka huu tuliamua kumuasili Subira awe wetu kisheria. Fomu zinataka saini zetu wote wawili. Mume wangu akasema kabla hajasaini lazima twende kijijini kwao Kilolo tukamwambie baba yake. Nikaona sawa, mzee ni mzee. Tulipofika nilipiga goti nikamwamkia, Subira naye akapiga goti pembeni yangu na "kamwene" yake, salamu ya Kihehe niliyomfundisha njia nzima. Mzee alicheka. Nikajua tumepita.

Sasa kwa wasiojua, huku kila ukoo una mwiko wake. Ukoo wa mume wangu hawali figo. Wanasema wa damu yao akila anatoka vipele. Mimi nilikuwa najua, lakini Subira sikumwambia, kwa sababu nyumbani kwetu mwiko huo haupo, na nitasema kwa nini. Chakula kilipokuja wifi alimpakulia mtoto mwenyewe. Niliona upole wa ghafla nikadhani amelainika. Kumbe kamwekea figo, zile wanazowapikia wageni wasio wa ukoo. Subira akala zote, akalamba vidole, akasema, "Shangazi, niongeze."

Wifi akasimama. "Mmeona wenyewe! Damu yetu ingekataa. Huyu hata kipele hana!"

Watu wakainamisha vichwa. Mzee akaacha kula. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi, "Mwanangu, nyumba yangu ya Ilula iko wazi. Hameni huko kota, kaeni kwenye nyumba ya ukoo. Lakini mtoto mrudisheni, Mungu atawapa wa kwenu." Nikamwangalia mume wangu aongee. Alikuwa anachezea kijiko.

Jamani, hasira ikanipanda. Nikasema, "Baba, shikamoo tena. Huyu mwanao kila Jumamosi anakula mishkaki ya figo pale Kihesa, na pilipili anaomba. Vipele vyake viko wapi? Kama figo ndiyo inayotoa watu kwenye ukoo, basi tuondoke wote watatu."

Mume wangu alitoka nje na hakuniongelesha mpaka tunafika Iringa.

Sasa anasema nimemvua nguo mbele ya baba yake. Na kweli nimemvua, hilo nakiri, nilipaswa kumwambia tukiwa wawili na nimemuomba msamaha kwa hilo. Lakini hataki huo. Anataka nirudi Kilolo, nimpigie wifi goti, niseme nilidanganya, kwamba mume wangu hajawahi kugusa figo, halafu ndipo asaini. La sivyo hasaini, na nyumba ya Ilula anaitaka. Wifi naye ananitumia voisi kila siku: "Mbeya, nakusubiri."

Kupiga goti najua, mama yangu alinilea. Ila nikisema nilidanganya, maana yake kosa la siku ile linabaki kwa Subira peke yake. Ana miaka sita. Goti hilo silipigi. Na msije mkaniambia nimrudishe mtoto, atakayeandika hivyo ajue namblock. Kota nitakaa mpaka nizeeke, bati halivuji na mlango nimeupaka rangi mwenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Mume wangu si mtu mbaya, kitanda cha Subira alikichonga yeye kwa mikono yake. Nifanyeje asaini bila mimi kusema uongo? Kuna aliyewahi kupita hapa? Nishaurini haraka, kwa sababu tangu tulipotoka kule mtoto amebadilika. Kila mboga anaipekua kwa kidole kabla ya kula. Juzi nilipika maharage, maharage tu, akayageuza yote sahani nzima. Nikamuuliza unatafuta nini mwanangu. Akasema, "Natafuta figo, mama, niitoe. Nisipokula tena, watanikubali?"