Shangazi Aliyefanya Picha Zitembee

Nilikuwa darasa la tatu siku niliyoona kuku wa penseli akikimbia. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nyumbani kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Keroka. Nilirudi kutoka shule na njaa yangu, nikamkuta shangazi, dada mdogo wa baba, ameketi kwenye kigoda karibu na meko, daftari langu la hesabu lililokwisha kujaa likiwa mapajani mwake.

"Njoo," akasema. "Usiguse. Tazama hapa pembeni."

Alizikunja kurasa kwa kidole gumba, akaziachia zianguke moja baada ya nyingine. Pale pembeni, chini ya hesabu zangu za kutoa, kuku akainua mguu, akanyoosha shingo, akakimbia. Nyuma yake akatokea mama ameshika mwiko. Kuku akaruka, mama akapiga hewa, akaanguka chini puu. Kurasa zikaisha.

Sikucheka. Nililichukua daftari nikalitikisa, nikalichungulia kwa nyuma, nikitafuta yule kuku alikoingia. Nilipofunua ukurasa mmoja mmoja nilikuta kuku wengi wadogo, kila mmoja amesimama tuli, kila mmoja akipishana na mwenzake kwa kitu kidogo tu, ukucha au unyoya. Hapakuwa na hata mmoja aliyekimbia. Sasa zile mbio zilitoka wapi? Nilimwuliza shangazi. Akaniambia hata yeye hajui. Siku moja alichora jogoo katika kurasa mbili zilizofuatana, upepo ukaifunua karatasi, akamwona jogoo anatikisa kichwa. Alishtuka, akalifunga daftari, akakaa nusu siku bila kuligusa.

Shangazi alikuwa na mguu mmoja uliodhoofika tangu utotoni. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha mto uliokuwa kati ya nyumbani na shule ukamshinda wakati wa mvua. Alikaa kwetu, akisaga wimbi, akichambua mboga, akilea watoto wa kaka yake. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuchora. Kabla ya kuku yule, kazi yake pekee tuliyoijua ilikuwa mistari ya udongo mweupe aliyoipaka kwenye ukuta wa jikoni, ambayo wageni waliisifu kisha wakaisahau.

Baada ya hapo kila daftari langu lililojaa lilikuwa lake, na kila daftari likawa kisa. Visa vyake vyote vilikuwa vya nyumba yetu. Kimoja kilikuwa cha paa linalovuja: mama anaweka sufuria chini ya tone, tone linahama, anahamisha sufuria, tone linahama tena, mwishowe anaichukua sufuria na kumvika baba kichwani, baba anaendelea kula. Kingine kilikuwa cha ndama aliyemburuta baba hadi mtoni. Kila kimoja kilikwisha kabla hujavuta pumzi mara tatu, na mama alikuwa akivirudia jioni nzima, akicheka hadi machozi, huku ugali wa wimbi ukipoa. Watoto wa majirani walikuja wakapiga foleni mlangoni. Sisi wenyewe tulinyamaza kila kurasa zilipoanza kuanguka, kama watu walio kanisani.

Baba hakuwahi kuvitazama. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa maneno machache, na kwake yeye kuchora kulikuwa mchezo wa watoto. "Mwacheni apitishe wakati," alisema, na kutoka kwenda kuwaangalia ng'ombe.

Kisha ikaja habari ya chai.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na aliporudi kabisa alirudi na jambo moja moyoni: kupanda chai yake mwenyewe. Jioni moja, tukiwa tunakula, alisema, "Ile migomba ya mteremkoni tutaing'oa. Chai inataka mteremko ule."

Mama aliweka tonge chini. "Panda mahali pengine, Baba watoto."

"Wapi? Kule juu ni mawe."

"Popote. Si pale."

"Kwa nini si pale?"

"Nimesema si pale."

Nilimwona shangazi akiinamisha kichwa. Baba aliuliza tena, akauliza mara ya tatu, na kila mara mama alijibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini. Baba akasimama. Akasema yeye ndiye aliyeachiwa shamba lile na baba yake, na migomba haitampangia pa kulima. Akatoka.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Wiki tatu nzima mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. "Mwambie baba yako maji ya kunawa yako tayari," mama alisema, na baba ameketi hatua mbili tu kutoka kwake. "Mwambie mama yako nimesikia." Nilisimama katikati nikirudia kila neno, kwa hofu, nikidhani nikikosea moja nyumba itaanguka. Baba alilinoa jembe lake. Alisema mvua ya kwanza ikinyesha ataanza kazi.

Shangazi hakuchora kisa hata kimoja siku hizo za kwanza. Kisha akaniita nyuma ya nyumba.

"Una daftari tupu?"

"Sina. Lililo tupu kidogo ni la Kiswahili, na halijaisha."

"Nipe hilo."

Nilimpa. Mwalimu alinichapa viboko viwili kwa kulipoteza, na sikumwambia lilipo. Shangazi alichora siku nne, akiwa amejifungia katika chumba cha nafaka ambako mwanga uliingia kwa tundu moja. Alitoka kula akiwa na vidole vyeusi. Nilipomwomba anionyeshe alikataa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sabato ikafika. Baada ya ibada baba alikaa mbele ya nyumba, Biblia mkononi, kofia gotini. Siku hiyo asingeweza kushika jembe wala kukimbilia kwa ng'ombe, na nadhani shangazi alilijua hilo. Alikuja akiuburuta mguu wake, akaliweka daftari juu ya goti la baba, pembeni ya kofia.

"Ndugu yangu, tazama."

"Leo ni Sabato."

"Si kazi. Ni kutazama tu."

Baba alilifungua kama anavyofungua kitabu cha nyimbo, kutoka ukurasa wa kwanza, akaona mistari isiyo na maana. Alitaka kulirudisha. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilisogea nikakishika kidole chake gumba, kigumu kama gome la mti, nikakiweka pembeni mwa karatasi. "Hapa, Baba. Kunja, halafu achia polepole."

Akaachia. Nami nikiwa nimeinama begani pake nikaona.

Mwanamke anatoka mlangoni amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwa leso. Mvua inanyesha, shangazi alikuwa ameichora kwa vistari vilivyoshuka kweli, hata nikahisi baridi. Anatembea kuingia kwenye migomba. Nyuma yake anakuja mwanamke mwingine anayechechemea, jembe begani. Anachimba. Yule wa kwanza anapiga magoti. Anaposimama, mikono yake ni mitupu. Kisha mvua inaacha, na njiani anatokea mwanamume mwenye kofia na mfuko mgongoni. Mwanamke amesimama mlangoni akimtazama. Anangoja. Mwanamume ananyoosha mkono kwa ng'ombe, anauliza kitu. Mwanamke anageuka, anaingia ndani. Halafu migomba tena, na mwanamume yule yule mbele yake, anainua jembe juu, juu zaidi. Kurasa zikaisha jembe likiwa bado hewani.

Baba alirudia. Mara ya pili kidole chake kiliteleza na kurasa kadhaa zikaruka, akaanza upya. Sikuelewa nilichokuwa nikikiona, lakini nilielewa kuwa mtu mkubwa aliyekaa pale mbele ya nyumba, ambaye sikuwahi kumwona akishtuka, alikuwa akivuta pumzi kwa shida kwa sababu ya mistari ya penseli. Nilimtazama shangazi kama mtu niliyekuwa sijamwona kamwe.

Mama alitokea upande wa jikoni na kibuyu cha maziwa. Akaliona daftari, akasimama.

"Mama watoto," baba alisema. Hakunipa mimi maneno nimpelekee. "Nionyeshe."

Mama aliweka kibuyu chini, akaifuta mikono kwa leso, akatangulia. Baba alimfuata. Nilitaka kwenda nao, shangazi akalikamata gauni langu. Kutoka pale uani niliwaona wakishuka mteremko, mama mbele, hadi migomba ikawafunika nusu. Baba alikuwa amevua kofia. Walikaa huko mpaka ng'ombe wakaanza kulia kwa kuchelewa kukamuliwa.

Mengine niliyajua nilipokuwa mtu mzima, mama aliponisimulia. Mimi nilikuwa na miaka minne hivi alipojifungua mtoto wa kiume, baba akiwa Kericho. Mtoto hakumaliza mwezi. Kwa mtoto mchanga kama yule hapakuwa na mkusanyiko wa watu wa mazishi. Mama na shangazi walimzika wenyewe, chini ya migomba, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kwanza. Habari zilimfikia baba kwa mdomo wa mtu. Aliporudi baada ya miezi, mama alisimama mlangoni akingoja amwulize wamemlaza wapi. Baba akauliza hali ya ng'ombe. Mama akaapa moyoni kwamba hatamwambia mpaka atakapouliza, akamwapisha na wifi yake asiseme.

"Ulipomwonyesha, alisemaje?" nilimwuliza mama.

"Alisema, 'Niliogopa kuuliza. Nilidhani nikiuliza utalia, na sitajua la kufanya.' Miaka yote hiyo, mimi nikidhani hajali."

Jioni ile ile ya Sabato, mama alimjia shangazi jikoni. Nilidhani watagombana.

"Wifi, uliniapia hutasema."

"Sikusema, wifi."

Mama akaketi kando yake kwenye mkeka, mabega yakigusana, wakachambua mboga pamoja.

Mvua ilipokuja baba alipanda chai. Afisa wa kilimo alifika na kamba yake ya kunyooshea mistari, akaivuta toka juu mpaka chini, akakuta katikati ya mteremko migomba saba imeachwa. Akamwambia baba kuwa ameharibu shamba zuri, mistari haitanyooka.

"Zungusha kamba," baba alisema.

"Mzee, kwa nini?"

"Hapo pana mwanangu."

Afisa akakunja kamba, akaanza tena upande wa pili. Chai yetu ilikua na pengo hilo la kijani kibichi zaidi katikati yake, na ukipita barabarani uliliona.

Tangu hapo baba alikuwa wa kwanza kuomba kisa kipya. Alikuwa akijichekea mwenyewe kwa sauti, hasa kile cha ndama, na ndiye aliyemletea shangazi penseli kila aliporudi kutoka sokoni.

Nilipokuwa darasa la saba, gari la sinema lilikuja Keroka, wakatundika shuka jeupe ukutani mwa duka. Jua lilipozama tu wakaanza. Baba alikuwa amempakia shangazi kwenye baiskeli, mimi nikifuata mbio. Walituonyesha habari za serikali, halafu picha fupi ya kuchorwa: mama anayeacha chungu wazi, nzi wanaingia, watoto wanashikwa na tumbo, baba wa nyumba anarukaruka na fagio. Uwanja mzima uliangua kicheko. Nilimgeukia shangazi, naye hakuwepo.

Nilimpata nyuma, kando ya mashine. Alikuwa ameupa mgongo ule ukuta uliojaa picha za rangi, akiangalia gurudumu linavyozunguka. Picha ilipokwisha alimwomba yule bwana wa sinema, kwa Kiswahili chake cha darasa la nne, amwonyeshe kilichomo. Yule bwana, mtu mpole, alivuta kipande cha filamu akamshikia mbele ya taa. Shangazi akasogeza uso. Mle ndani mlikuwa na yule mama mara nyingi, mdogo sana, chungu kimoja kimoja, nzi mmoja mmoja, kila picha ikipishana na nyingine kwa kitu kidogo tu.

Alizihesabu kwa ncha ya kidole bila kuzigusa. Alifika mahali akaacha.

"Zote hizi zimechorwa?" akauliza.

"Zote, mama. Maelfu."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Nilimwona shangazi akikishika kiganja chake cha kulia kwa kile cha kushoto, akikisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Lazima mkono ulimuuma huyo aliyezichora," akaniambia.