Sahihi ya Jumatano

Mwalimu wa Kiingereza, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kamusi, alikuwa mwoga na hakuona haya kukiri. Kwa mwoga huenda kicheko, alizoea kusema, na kwa miaka ishirini na tisa kazini woga huo ulimlinda vizuri. Ulibaki mwaka mmoja tu astaafu.

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alimwita ofisini. Bahasha ya mtihani ilikutwa kabatini imefunguliwa, na kwenye daftari la kusaini ufunguo wa kabati mstari wa Jumatano ulikuwa mtupu. Kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, akamwomba atie sahihi kwamba siku hiyo ufunguo ulikuwa kwake. Nani atamsumbua mtu mzima anayekaribia kustaafu? Ila akikataa, akumbuke kwamba karatasi zake za kustaafu zitapita mezani hapo hapo. Mama Kamusi alijua fika ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani, na mpwa wa nani alikuwa anafanya mtihani ule. Akapewa hadi mapumziko afikirie.

Aliingia darasani. Somo la siku lilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, na kitabu hakina huruma: kitenzi chenyewe kilikuwa foist, yaani kubambikia. Akaeleza kwa mazoea kwamba ni kumtwisha mwenzako asichokitaka, kwa hila au kwa ubabe. Muuza nyanya hukubambikia zilizooza chini ya fungu. Kaka mtu humbambikia mdogo wake kazi aliyotumwa yeye. Hata lawama mtu hubambikiwa, akasema, na chaki ikamvunjikia mkononi.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na huyo mtu akiipokea mwenyewe?"

Mama Kamusi akaweka vipande vya chaki mezani.

"Akiipokea mwenyewe, mwanangu, hajabambikiwa tena. Ni yake."

Kengele ikalia. Hakuwahi kuogopa vile maishani, ila sasa aliogopa mambo mawili: kukataa, na kuipokea lawama ile ikawa yake; na hilo la pili lilikuwa zito zaidi. Ofisini alikuta daftari limefunguliwa, kalamu juu yake. Alikaa kabla ya kukaribishwa. Kwenye mstari wa Jumatano akaandika: Sikupewa ufunguo. Akatia sahihi, kisha, kama afanyavyo kwenye alama za wanafunzi, akapiga mstari hadi ukingoni asije mtu akaongeza neno.

Mwalimu mkuu akasoma, akainuka, akaenda kufunga mlango. Mama Kamusi alibaki ameikumbatia kalamu kwa mikono miwili, na hakuirudisha mezani.