Rangi za Mwalimu Dominika

Dominika alizaliwa Chiwata, kwa wakulima wa korosho na mihogo. Alipopangiwa kufundisha shule moja ya msingi upande wa Mkunya, juu Newala, mama yake alimpa onyo moja tu: "Huko maji hayamwagwi, mwanangu." Aliliona mwenyewe wiki ya kwanza. Watoto wa darasa la awali walikuja na vichupa vya maji ya kunywa, na mtoto aliyemwaga cha mwenzake aligombezwa na darasa zima.

Walikuwa tisini na nne chumba kimoja. Vitabu vilikuwa saba. Wengi wao nyumbani walisema Chimakonde, na neno kama "kujumlisha" liliwapita juu ya vichwa. Dominika akagundua kwamba akiandika mbili na tatu ubaoni hakuna anayetazama, lakini akishika kitu cha rangi, shingo zote zinanyooka. Basi akaanza na vilivyokuwepo: udongo mwekundu wa njiani, manjano ya jikoni, mkaa, kisamvu kilichotwangwa. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, waliyapanga mekundu huku, ya njano kule, wakabishana mpaka jasho likawatoka ni mafungu yapi yamezidi na kwa mangapi. Walimu wenzake walimcheka. Kufikia mwezi wa kumi na moja hawakumcheka tena, kwa sababu watoto wa awali walikuwa wanatoa na kujumlisha vizuri kuliko wa darasa la kwanza.

Mwaka uliofuata, na watoto wapya, somo lao kubwa lilikuwa la rozela. Dominika alichemsha maua yake nyumbani, akaja na maji ya zambarau iliyokoza. Akapanga vifuniko vitatu vya chupa juu ya meza. Cha kwanza hakutia kitu. Cha pili alikamulia ndimu, cha tatu akatia maji ya majivu. Kisha kwa mrija akadondosha rozela, darasa zima likihesabu kwa sauti: tone moja, matone mawili, matone matatu. Penye ndimu pakawaka wekundu. Penye majivu pakageuka kijani. Watoto walipiga kelele hadi Mwalimu Mkuu, Mwalimu Edmund, akaja kuchungulia dirishani.

Kelele zilipotulia, binti mmoja wa mbele aliinua mkono. Huyo alikuwa Faidha, hajatimiza miaka sita, mtoto wa kuuliza.

"Mwalimu, hiyo ni dawa?"

"Si dawa, Faidha. Ni rozela."

"Haiui?"

Dominika alicheka. Kwenye jagi yalibaki maji ya rozela, na maji hayamwagwi. Akayainua, akanywa mafunda mawili mbele yao, akajifuta mdomo. "Mmeona? Nimekufa?" Watoto wakacheka, kila mmoja akapewa kijiko kimoja aonje. Faidha alirudi mara mbili.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati watu wanapulizia mikorosho dawa ya wadudu.

Jumamosi ya wiki ile, Nurdin, baba yake Faidha, alitoka shambani na dawa iliyobaki. Kopo lake lilikuwa limepasuka, akaimimina kwenye chupa ya soda, akaiweka juu ya ukuta wa jiko. Nayo ilikuwa ya zambarau. Alikwenda kuoga, akapitiwa na usingizi. Mama Faidha alikuwa ndani anamenya mihogo.

Jioni jirani alikuja mbio kwa Dominika kumwambia kwamba Faidha wamempakia kwenye bodaboda kwenda hospitali mjini, na kwamba wamerudi naye amefunikwa khanga.

Jumapili asubuhi Dominika hakwenda kanisani. Alijifunga khanga, akaenda msibani, akakaa na wanawake. Wakati wanaume wanakwenda makaburini, alitoka kutafuta pa kulilia, akazunguka nyuma ya jiko. Hakuna aliyekuwa amepagusa. Chini, juu ya kipande cha bati, palikuwa na vifuniko vitatu vya chupa vimepangwa mstari. Kwenye kimoja majivu. Kwenye kingine nusu ndimu iliyokaukiana. Pembeni mrija. Watu wote waliopita pale waliona michezo ya mtoto. Yeye peke yake aliona somo lake, limeandaliwa sawasawa bila kukosea hatua hata moja, pamoja na ile ya mwisho.

Alichuchumaa pale. Kisha akainuka, akaviacha kama vilivyo.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Edmund kila kitu. Mzee yule alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Darasa zima linajua. Nilikunywa mbele yao."

"Dominika, sikiliza. Ajali haina kinga. Chupa ilikuwa ya baba yake, wala si ya shule. Ukienda kujisemea huko utajitia kitanzi, na hao wazazi utawaongezea jeraha. Fundisha, mama. Nyamaza ufundishe."

Alinyamaza siku tisa. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa, akaitikia "amina" huku akijua kosa liko wapi na limetoka kinywani mwa nani. Siku ya kumi alikwenda kwa Nurdin.

Walimkaribisha mkekani. Nurdin alikuwa amekonda, kofia inampwaya. Dominika akasema yote: rozela, swali la Faidha, mafunda mawili, kicheko. Alipomaliza, hakuna aliyeshtuka.

"Tulijua, mwalimu," Mama Faidha alisema. "Watoto wenzake walitwambia siku ileile ya maziko."

"Mlijua, na mkanipokea?"

"Tungekufukuza wapi?"

Nurdin alisema bila kuinua macho, "Chupa ilikuwa yangu. Hilo usinichukulie, mwalimu. Ni langu."

Kisha Mama Faidha akaanza kusema polepole, kama mtu anayejisemea. "Mimi nilimsikia. Nilikuwa namenya mihogo, nikamsikia huko nje: tone moja, matone mawili, matone matatu. Alihesabu vizuri. Nikasema moyoni, mwanangu anasoma. Nikafurahi, mwalimu. Nikakaa kitako nikasikiliza. Alifika tisa. Mimi nikadhani ameshindwa kumi."

Dominika alijiinamia akalia kwa sauti. Mama Faidha hakumnyamazisha, wala yeye hakulia. Alingoja. Kisha akasema, "Sikulaumu. Lakini nina ombi. Usije tena hapa. Nikikuona, nasikia kuhesabu."

"Nimesikia, Mama Faidha."

"Nenda salama."

Kuanzia siku ile Dominika alifundisha kwa chaki. Mbili ubaoni, alama ya kujumlisha, tatu. Watoto walipouliza lini watachanganya tena, alijibu, "Fungueni madaftari," na baada ya wiki kadhaa waliacha kuuliza. Aliwaambia mara moja, kwa maneno makavu, kwamba kitu cha chupa hakionjwi, hata akinywa mwalimu. Walimwitikia kwa pamoja kama wanavyoitikia kila kitu, naye hakujua ni nini kati ya hayo kiliingia na nini kilipita. Aliandika barua ya kuomba uhamisho, Masasi au popote. Haikujibiwa. Mwezi wa kumi walikuja walimu wawili kutoka Tandahimba, waliosikia sifa za darasa la rangi, wanataka kujifunza. Mwalimu Edmund aliwaambia mwalimu anaumwa, na haukuwa uongo.

Januari wakaandikishwa watoto wapya. Nurdin alikuwa na mdogo wake Faidha, Khalidi, ametimiza miaka mitano. Jina lake halikuletwa. Walimwandikisha shule ya kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu midogo, na njia yake ilipita mbele ya uwanja wa shule ya Dominika.

Kila asubuhi, Dominika akiwa amesimama mlangoni na daftari la mahudhurio, mtoto hupita na kichupa chake cha maji, vumbi jekundu hadi magotini. Amefundishwa adabu, haachi kusalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," humwitikia, na hamwongezei neno.