Spana ya Kumwambia Shemeji

Mteja akiingia dukani kwangu, kitu cha kwanza ninachoangalia ni mikono. Fundi wa gereji anajua anachotaka. Hushika, hutikisa, hutukana bei. Mwenye gari tu huiweka mikono mfukoni. Huyu mama hakuwa wa kundi lolote. Aliingia na futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni, akachuchumaa mbele ya jeki nilizozipanga mlangoni, zile ndefu zenye magurudumu zinazosukumwa chini ya gari, akaanza kuzipima kutoka sakafuni kama anayempima mtu suruali.

"Karibu mama. Hiyo ya mwisho ndiyo jeki yenyewe," nikamwambia. "Tani tatu. Inainua hata nyumba."

"Nyumba yangu haina pancha," akasema bila kunitazama.

Nilijua hapo hapo kwamba kazi ninayo. Biashara hii nilianza kwa kuokota misumari iliyopinda, nikainyoosha kwa nyundo na kuiuza tena, na sijawahi kumwonea mteja huruma kwa sababu mteja naye hanionei. Lakini huyu alikuwa amechoka kwa namna inayomharibia muuzaji hesabu. Mtu aliyechoka kidogo hununua upesi ili aende zake. Aliyechoka kupita kiasi hana haraka tena. Hata kusimama kwako na kumsifia mali ni mapumziko kwake.

Alikuwa anashonea hospitali mashuka. Kila wiki anapeleka mabunda mapya na kurudi na yaliyochanika, kwa gari la marehemu mume wake, stesheni wagoni ya zamani ambayo springi zake za nyuma zimelala kwa uzito wa vitambaa. Kwenye ile futi alikuwa amechomeka pini mahali lilipofikia tumbo la gari. Akaweka futi kando ya jeki yangu ya tani tatu, na kichwa cha jeki kikapita pini.

"Hii haiingii hata nikiisukuma kwa dua," akasema. "Uniuzie jeki, usiniuzie sifa."

Nikamsogezea ya alumini, nyepesi, inayobebeka kwa mkono mmoja. Hiyo aliipenda, nikaona uso unalegea. Lakini hakutoa pesa. Aliniambia niinue nayo kitu. Nikainua nyuma ya pikapu yangu iliyokuwa imeegeshwa mbele ya duka. Akapima kutoka chini hadi kwenye bampa, akachomeka pini nyingine.

"Iache hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Akaenda kukaa juu ya tairi la jirani yangu, muuza matairi, akaegemea rundo lililobaki na kulala. Alilala kweli, mdomo wazi, mkoba mapajani. Jirani alitoka, akamtazama, akanitazama mimi.

"Umemuuzia jeki au umemuuzia kitanda?"

"Bado sijauza chochote."

"Basi kodi ya tairi langu utalipa wewe."

Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye bampa na futi yake. Jeki ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Mafuta yalikuwa yanapita taratibu ndani, jambo ambalo mteja wa kawaida angelijua akiwa tayari chini ya gari. "Hii nayo inasinzia," akasema, akanirudishia. Tukarudia yote kwa jeki ya tatu, ya chuma, fupi kichwa, nzito kiasi cha kukuvunja kiuno ukiibeba vibaya. Hiyo haikushuka. Aliichukua pamoja na stendi mbili za kuegemeza gari, maana nilimwambia wazi kwamba jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na wateja waliokufa hawarudi dukani. Bei tuliipigania kwa njia yake: mimi nasema, yeye ananyamaza. Ni njia mbaya sana kwa muuzaji. Ukimya hauna pa kuushika.

"Sasa," akasema, "nataka ile spana inayolia."

Alimaanisha spana ya kipimo: unaiweka kwenye namba ya gari lako, unakaza nati, ikifika inatoa mlio, ta, na wewe unaacha. Nilikuwa na mbili. Moja ndefu ya malori iliyokaa dukani mpaka ikawa kama ndugu yangu. Nikaishika hiyo kwanza, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara.

"Gari lako linataka namba gani?"

"Kitabu cha gari kinasema mia na kumi."

Ile ndefu namba zake zilianzia mia na arobaini. Ningeweza kuisukuma, lakini mali inayorudi hula faida mara mbili, kwanza pesa, halafu muda wa kugombana. Nikaiweka chini, nikampa fupi. Nikamwonyesha pia kwamba akimaliza airudishe namba chini kabisa ili springi ya ndani ipumzike, na kwamba haifungulii nati, inakazia tu.

"Anayekaza ni nani, wewe mwenyewe?"

"Shemeji."

Akakaa tena kwenye tairi. Kaka wa mumewe alikuwa fundi wa malori ya kampuni ya usafirishaji mpaka alipostaafu. Mume alipofariki, shemeji alilichukua lile gari kama wajibu. Kila Jumamosi huja, huinua, huangalia breki, hukaza magurudumu. Hataki malipo, na gereji hataki hata kuisikia: gari la ndugu yangu haliguswi na mtu baki. Tatizo ni kwamba alilikaza kama lori. Alikuwa akivalisha spana bomba la chuma refu, kisha anapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Studi zinazoshika gurudumu zilikuwa zimekatika mara mbili nyumbani. Mara ya tatu zilikatika barabarani, gari limejaa mabunda, binti yake kando yake. Gurudumu likaanza kuchezacheza kama jino bovu, akaliburuza gari hadi pembeni.

"Umemwambia?"

"Nimechoka kumwambia. Nikisema, anatingisha kichwa, 'sawa, sawa', halafu anapanda bomba. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikipeleka gari gereji, hatakanyaga tena kwangu, na huyo ndiye ndugu wa mume aliyebaki na sisi. Nisipopeleka, siku moja nitamzika mwanangu." Aliipapasa ile spana. "Nataka spana imwambie. Si mimi."

Niseme kweli, hilo lilinifurahisha. Katika kupatana bei, neno ambalo huwezi kulisema wewe unamtafuta mtu wa tatu aliseme. Sikuwahi kufikiria mtu wa tatu anaweza kuwa spana. "Spana haina ubishi, mama," nikamwambia.

Baada ya wiki chache alirudi na spana mkononi, bila futi, bila salamu.

"Imekufa. Hailii."

Niliijaribu. Kweli ilikuwa bubu. Ndani kitu kimevunjika. Kwenye mpini kulikuwa na mikwaruzo ya duara.

"Hii imevalishwa bomba, mama."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale. Ilipolia nikasema, imelia. Akavuta tena. Ikalia tena. Akapanda." Alizungumza polepole kama anayemsomea mtu risiti. "Wewe uliniambia spana haina ubishi."

"Spana haina. Shemeji ndiye anao."

"Basi chukua spana yako."

Sirudishi pesa ya kitu kilichovunjwa. Lakini pia sipendi mteja anayejua kupima jeki aende kunisema vibaya kwa watu wengine. Nikamwambia nitakuja mwenyewe Jumamosi nione inavyotumika, na nitaleta nyingine. Tukapatana: nikiona kosa ni la mali yangu, hiyo mpya ni yake bure. Nikiona ni la mtumiaji, atalipa nusu na ile iliyokufa nitaichukua kwa vipuri.

Nilimkuta shemeji uani, mzee mrefu aliyevaa ovaroli iliyooshwa mpaka rangi imekimbia. Gari lilikuwa juu ya stendi, jeki yangu imesukumwa pembeni na imefutwa mafuta vizuri. Kupitia dirishani cherehani ilikuwa ikinguruma; mama alikuwa anamalizia bunda.

"Wewe ndiye uliyemuuzia shemeji yangu hii midoli?" akaniuliza.

"Ndiye. Na jeki pia."

"Jeki ni nzuri." Akaipiga teke dogo, la heshima. "Spana yako ni ya kushonea vifungo. Mimi nimekaza magurudumu makubwa kuliko mlango huu, na hakuna hata moja lililonitoka."

"Sibishi, mzee. Nikuonyeshe tu."

Alikuwa akinitazama mdomo. Si macho, mdomo. Nilipoinama kuchukua spana na kusema neno nikiwa nimempa mgongo, hakujibu. Nilipogeuka na kulirudia, akajibu haraka kuliko ilivyohitajika. Nimeuza vitu kwa watu wengi wanaojifanya wanajua kitu wasichokijua, na huwa wana haraka ile ile.

Cherehani ikanyamaza. Mama akatoka, nyuzi zimemganda kwenye nguo, akasimama mlangoni.

Mtu anayedai anaijua mali, mimi huwa simwulizi anajua nini. Humpa kitu cha uongo nione kama atakikataa. Niliiweka spana kwenye namba ya juu kabisa, mahali ambapo nati ile isingeifikisha kwa mkono wangu hata tungekesha. Nikavuta mara moja, kidogo tu, nikasimama. Haikutoa mlio wowote.

"Umeisikia, mzee?"

"Nimeisikia," akasema. "Si inalia tu. Ndiyo nini sasa?"

Mama alishuka ngazi, akazunguka mbele ya gari, akaenda kusimama karibu na uso wa shemeji yake.

"Shemeji, haijalia."

Mzee akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na akaelewa nilichomfanyia. Sikuomba radhi. Nilikuja kujua kosa ni la nani, na nilikuwa nimejua.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Injini zile zinapiga kelele," akasema mzee. "Ukikaa nazo maisha yako yote zinabaki humu." Akajigusa sikio, kama mtu anayeonyesha mahali alipoibiwa. "La kulia kidogo linasikia. La kushoto, salamu tu."

"Na ulikuwa unaniambia sawa, sawa."

"Ningekwambia nini? Fundi wa gari asiyesikia gari? Fundi husikia kwanza ndipo anashika. Mimi nilibaki na kushika tu. Nikikaza mpaka bomba linapinda, angalau najua nimekaza."

Nilikuwa na dawa ya hilo kwenye pikapu, na ninakiri niliileta kwa matumaini ya kuuza: spana ya kipimo ya aina ya zamani, isiyolia, yenye mshale unaotembea kwenye namba. Inasomwa kwa macho. Nikaitoa, nikamweleza nikiwa nimemwelekea. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia.

"Leo masikio, kesho mtakuja kunipima macho." Akainama, akaliokota bomba lake, akaliegemeza ukutani. Halafu akamwambia mama, "Kaza wewe. Mimi nitainua na kushusha."

"Mimi, shemeji? Nina mashuka ya watu mle ndani."

"Nawe si ndiye unayesikia?"

Mama aliitazama spana kwa muda. Nilimwelewa. Alikuwa amenunua kifaa ili mtu mwingine afanye kazi vizuri, na sasa kazi ilikuwa inarudi kwake, pamoja na kifaa. Alipiga magoti. Nikamwekea mia na kumi. Alikaza nati moja, ikalia, akaacha. Akaenda kwenye nati ya upande wa pili, si ya jirani, kama mzee alivyomwonyesha kwa kidole. Mzee alirudisha jeki, akatoa stendi, akashusha taratibu sana, hata sikusikia gari likigusa chini.

Alinilipa nusu kama tulivyopatana, pale pale, mikono yake ikiwa na grisi. Ile ya mshale nilirudi nayo dukani.

Mwaka haujaisha bado. Studi hazijakatika tena. Mama hupita kwangu akitoka hospitali, mara ananunua kopo la mafuta ya jeki, mara anakaa tu kwenye tairi la jirani, ambaye siku hizi humtolea lile laini. Juzi nilimwuliza kama shemeji bado anakuja.

"Anakuja. Anainua, anashusha, anafuta jeki, anaondoka. Zamani alikuwa anakaa mpaka jioni, anatusimulia habari za malori. Sasa hakai."

"Lakini magurudumu yako salama."

"Salama kabisa. Na Jumamosi yangu imekwenda." Akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili. "Na nimejua kumbe ugomvi wetu wote, nusu yake alikuwa hausikii. Sasa nikiwa na neno naye, lazima nisimamishe cherehani, nitoke nje, nimtazame usoni, ndipo niseme. Maneno mengi hayafai kusimamishiwa cherehani. Nayaacha. Kazi nayo inachelewa."

"Anakujibu?"

"Ananijibu," akasema. "Siku hizi anajibu nilichomwuliza."

Akachukua kopo lake na kulipa. Sikumpunguzia, na hakunyamaza ili nimpunguzie. Alikuwa na mashuka garini.