Kichuguu na Chupa

Nakumbuka, mwanangu, msimu niliomponza mdogo wangu Anastazia kwa nia njema kabisa. Tulikuwa tunalima Katumba, nami nilikuwa nimenunua Mpanda mjini chupa ya mbolea ya maji iliyosifiwa sana sokoni. Kitu kipya nikakipa heshima ya mgeni: nikanyunyizia mahindi ya pale kichuguuni, ambako hata bila mbolea hunizidi kimo. Kwingine sikunyunyiza. Tulipovuna, ya kichuguuni yalikuwa manene kuliko mkono wangu, nikaitangaza ile chupa kila nyumba.

Anastazia, mjane wa watoto wanne, aliniamini. Mwaka uliofuata akaacha samadi, akanyunyiza shamba zima, shamba lisilo na kichuguu hata kimoja. Alivuna vihindi vya kutia huruma. Watoto wake walikula kwangu mpaka msimu mwingine, na kila nilipowapakulia ugali niliona aibu.

Bibi shamba wetu, afisa kilimo wa kijiji, binti mdogo tu, alisikiliza habari yote halafu akaniuliza, "Mama, ulinyunyiza wapi?"

"Kichuguuni."

"Basi ulichojaribu ni kichuguu."

Akagawa shamba la Anastazia vipande vidogo vingi, akaandika namba zake kwenye vikaratasi na kuvichanganya kikapuni. Nusu itakayotoka kwanza ipate chupa, iliyobaki samadi. Mimi huyo, nikaanza kuonyesha vipande vyenye rutuba ili chupa ipewe. Anastazia akakivuta kikapu kwake.

"Dada, safari hii mkono wako ukae mbali."

Tulicheka, naye akachota amefumba macho. Tulipovuna, samadi ilishinda, si kwenye kila kipande, ila kwenye vingi mno hata isiweze kuwa bahati tu. Mwaka ule watoto walikula kwao.

Kwa hiyo ukisikia redioni kuwa dawa fulani imefanyiwa majaribio, usitosheke na habari ya mmoja aliyepona. Uliza kama walikuwepo wasiopewa, walikuwa wangapi, na ni nini kiliamua nani apewe: mtu, au kikaratasi? Hatukusomea sayansi, lakini kuuliza tunaweza. Majibu yakiwa mazuri, itumie bila hofu. Baadhi ya dawa zilizokukuza wewe zilipitia kikapu kama hicho.

Mungu akujalie, mwanangu, ukione kichuguu kabla hujaisifu chupa, na akupe ndugu wa kukuvutia kikapu.