Siku Lorna Alipomgusa Mtoto

Lorna Thibodeau hakuogopa mizimu, na hilo lilinikera, maana mimi naiogopa. Miaka yote niliyouza tiketi katika nyumba ya hakimu wa kale aliyehukumu kesi za uchawi, sasa makumbusho, katika mji wetu huu mdogo wa Massachusetts, sijapanda ghorofani peke yangu. Yeye, mjane aliyeendesha basi la shule mpaka magoti yakagoma, alipanda akiimba.

"Nadine, mzimu umemnyonga nani?" alinitania. "Walionyonga watu hapa ni majirani zao."

Kila Oktoba, watalii wakifurika, Lorna aliigiza mshtakiwa. Mtalii mmoja hujitupa chini kama aliyerogwa, naye Lorna huamriwa amguse. Ndivyo walivyopima zamani: mgonjwa akitulia, basi uchawi umemrudia mwenyewe, na aliyegusa ni mchawi. Watu hupiga kelele "Mchawi!", wakacheka, wakaenda kunywa supu ya chaza.

Jumamosi ile msichana mmoja alianguka kabla hajaitwa. Tukapiga makofi. Kisha nikaona povu, na kisigino kikigonga mbao, ta, ta, ta. Hayakuwa maigizo.

"Msimbane! Mpeni nafasi!" Lorna akapaza sauti. Kifafa alishakiona basini. Akapiga magoti, akamlaza ubavu, akamshika mkono. "Tulia, mwanangu. Niko hapa."

Mtoto akatulia papo hapo.

Hakuna aliyecheka. Baba mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Wengine wakafuata, mpaka Lorna akabaki katikati ya ukumbi na yule mtoto, amevaa gauni lake jeusi la maigizo. Niliogopa kuliko ninavyoiogopa ghorofa ile, kwa kuwa niliona jinsi ilivyo rahisi kumgeuza jirani kuwa mchawi.

Mama mtu, aliyekuwa ameganda ukutani, akawarukia. "Mwachie! Umemfanya nini mwanangu?"

"Ni kifafa, dada. Kimeshapita."

Yule mama aliushika mkono wa bintiye akaufuta kwa sweta, akaufuta tena, akaufuta tena.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, mtoto alikuwa anazungumza vizuri. Lorna nilimkuta jikoni, mkono uliomshika mtoto kauficha chini ya aproni.

"Umeniona mimi pale, Nadine? Au umemwona mwingine?"

"Acha ujinga, bibi wee. Nimekuona wewe."

"Basi nishike."

Nikamshika. Nilisita kidogo tu, lakini alikuwa ameshaona.